Nimerudi Android, na Hapana, Sijasota

Wasee, wacha niseme mapema ili tusisumbuane kwa inboksi: nimeuza iPhone. Sikuibiwa, haikuanguka chooni, na sijasota. Nimeiuza kwa hiari yangu mchana peupe, pale tao, na sasa natumia Android ya bei ya kawaida, aina ambayo ukirusha jiwe ndani ya matatu utampata mwenye nayo.

Najua huku Nairobi habari kama hii hupokewa kama tanzia. Nimeulizwa "uko sawa lakini?" na watu ambao hawajawahi kuniuliza kama nimekula. Rafiki mmoja amenitumia thao moja bila kuombwa, na nimeipokea kwa moyo mkunjufu. Kwa vile maswali ni mengi na majibu ni yaleyale, nayaandika hapa mara moja: kwa nini nimehama, apu gani naweka na gani sitaki kuziona, na kwa nini naona wengi wetu tunanunua simu kwa kuangalia mgongo wake badala ya uso.

Simu ndiyo kibanda changu

Kwa mliofika juzi: niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa haingoji, na nyumbani hakukuwa na ng'ombe wa kuuza. Saa hii natengeneza video fupi za biashara ndogo, kuanzia tao hadi Kangemi, Kawangware na Uthiru. Mteja wangu wa kawaida ni mama wa chapo, kinyozi, au msee wa viatu vya mitumba anayetaka sekunde 30 za kuweka TikTok na statasi ya WhatsApp. Ananilipa kwa M-Pesa, mara nyingi kwa vipande viwili, na kile kipande cha pili hutembea kama matatu ya Waiyaki Way jioni ya mvua.

Sina ofisi. Sina kompyuta ya maana. Simu ndiyo kamera, ndiyo chumba cha kuhariri, ndiyo benki, ndiyo kitabu cha risiti. Ikizima, nimefunga duka. Kwa hivyo naichagua jinsi mtu wa mkokoteni anavyochagua tairi: itabeba mzigo? Nikipata pancha, naweza kuziba hapahapa barabarani?

Na kama kuna mtu bado anaona hii si kazi, akumbuke Mswada wa Fedha wa 2023. Serikali ilitaka kukata asilimia 15 ya pesa ya kontenti, kelele zikapigwa, sheria ikapita na asilimia 5. Kama KRA wameshaiona ni kazi, hata mjomba wangu anayeniuliza kila Krismasi nitarudi shule lini anaweza kuiona.

Haki ya iPhone naipa

Mimi si wa kutukana simu iliyonilisha. Kamera yake ya video ni safi, hasa ukitembea huku unarekodi. Ukipakia moja kwa moja kwa Instagram picha inabaki ilivyo. Simu zao pia zinaishi muda mrefu: iPhone 6s ilitoka 2015 na ilikuwa bado inapokea mfumo mpya wa iOS 15 mwaka 2021. Kwa miaka mingi hakukuwa na Android iliyokaribia hapo. Ni juzi tu, Oktoba 2023 kwa Google Pixel 8 na Januari 2024 kwa Samsung Galaxy S24, ndio hao wengine wakaanza kuahidi miaka 7. Na bei ya kuiuza ikiwa imetumika haishuki haraka. Hiyo ya mwisho ndiyo imenisaidia kuhama, kwa hivyo asante.

Kama una iPhone, umeilipia yote, na inakuingizia doo, kaa nayo. Sijaandika hii ili uanze kuionea aibu. Naandika kwa yule anayefikiria kujifunga mkopo wa mwaka mzima ili aonekane ameomoka.

Laini yangu lazima itoke kwa kidole

Sababu ya kwanza ni laini. Wengi wetu tuna mbili: Safaricom kwa sababu M-Pesa iko hapo, na ingine ya kutafutia bando za bei nafuu. Ndiyo, najua, iPhone tangu zile za 2018 zinaweza kubeba laini mbili, moja kadi ya kawaida na nyingine eSIM ambayo haishikiki. Inafanya kazi vizuri. Lakini fikiria siku ambayo simu imezima saa mbili usiku, uko stejini, na nauli iko M-Pesa.

Kadi ya kawaida unaitoa, unaichomeka kwa simu yoyote ya jirani, hata kabambe, unabonyeza *334#, na pesa yako iko pale. M-Pesa ilianza Machi 2007, wakati watu wengi hapa hawakuwa na simu yenye intaneti, na ndiyo maana hadi leo inaishi ndani ya laini. Haihitaji apu, haihitaji bando, haijali skrini yako. Laini zangu zote mbili nataka ziwe kitu ninachoweza kushika kwa vidole. Simu niliyonunua ina nafasi ya kadi mbili za laini na ya tatu ya kadi ya kumbukumbu. Hakuna anayepiga picha hiyo nafasi akaweka kwa stori, lakini mimi ndiyo niliyoitafuta.

Juu ya laini kuna WhatsApp. Nina namba ya kazi na namba ya familia, na sitaki mteja aone picha ya mathe wangu akiwa kwa harusi. Tangu Oktoba 2023, WhatsApp kwenye Android inakubali akaunti mbili ndani ya apu moja. Nagusa mara moja, nimetoka kwa grupu ya wajomba, niko kwa oda.

Mafaili yangu yatembee bila ruhusa ya mtu

Video ni nzito. Kazi ya siku moja pale tao inaweza kujaza simu. Apple wanakupa GB 5 za bure kwa hifadhi yao ya mtandaoni. Google wanakupa GB 15, na hizo zinagawanywa na barua pepe zako pia. Zote mbili ni kidogo kwa mtu wa video, na kulipia kila mwezi si shida kubwa. Shida ni bando. Kupakia GB 10 mtandaoni kwa bando za kununua kwa saa ni sawa na kuhamisha nyumba kwa bodaboda.

Kwa kadi ya kumbukumbu nafanya hivi: nikimaliza kazi ya mteja, naisogeza kwa kadi, naandika jina lake kwa folda. Kadi ikijaa naiweka kwa bahasha kejani na kununua nyingine. Mteja akirudi baada ya miezi minane akisema amepoteza video yake, na atarudi, natafuta bahasha. Akiwa na simu ya Android namtupia faili papo hapo bila kutumia hata shilingi moja ya data. Wateja wangu karibu wote wako Android.

Kuhusu chaja sitakaa sana. iPhone zilihamia USB-C na iPhone 15, Septemba 2023, baada ya Umoja wa Ulaya kupitisha sheria ya chaja moja kwa wote. Yangu ilikuwa ya kabla ya hapo. Sasa naweza kuomba chaja kwa kinyozi, kwa hoteli, kwa dere wa matatu, na ikaingia.

Watazamaji wangu hawako iPhone

Hii ndiyo sababu kubwa, na sijaisikia ikisemwa sana.

Panda 46 ya Kawangware saa kumi na mbili jioni, utupe macho kwa skrini za watu. Utaona Tecno, Infinix, itel, Redmi, na Samsung za safu ya A. Hizo tatu za kwanza zote ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, ambayo ilikuja Afrika ikatusoma: betri kubwa, laini mbili, na kamera iliyopimwa kwa ngozi nyeusi. Google walikuja na Real Tone yao kwa Pixel 6 mwaka 2021, wakati hawa walikuwa washaona biashara kitambo. Sasa angalia hizo skrini vizuri. Nyingine zimepasuka. Mwanga umepunguzwa ili betri ifike nyumbani. Sauti imezimwa, au inasikika kwa sikio moja kwa sababu upande mmoja wa earphone umekufa.

Huyo ndiye mtu anayeamua kama atashuka Kangemi ale kwa mteja wangu au apite. Rangi ya supu inayong'aa kwenye skrini ya laki moja inaweza kuwa matope kwa skrini ya thao kumi. Maandishi membamba yanayopendeza kwa simu ya bei hayasomeki kwa kioo kilichopasuka. Besi ya muziki haisikiki kabisa.

Tangu nihamie simu inayofanana na yao, naona wanachoona. Nimekuza maandishi. Narekodi karibu na dirisha. Bei naiandika kwa sekunde ya kwanza kwa sababu bando inaweza kukata kabla ya ya tatu. Mama mmoja wa samaki pale Kawangware aliniambia, "Mtoto wangu, sasa hata mimi naiona." Zile video za awali alikuwa anazisifu kwa heshima tu, kumbe kwa simu yake samaki walikuwa kivuli.

Hesabu bila hasira

Tuongee doo. Yangu niliiuza 46,000. Android mpya, si ya kutumika, ikanigharimu 27,000. Nikabaki na 19,000. Hiyo ilienda hivi: chini kidogo ya 9,000 kwa simu ya mathe, 6,000 kwa maikrofoni ya kushikisha kwa nguo, na kilichobaki kikaziba shimo la kodi ya nyumba.

Mathe anauza mboga Kinoo na alikuwa na kabambe tangu nikiwa darasa la saba. Kupokea M-Pesa hakukuwa shida. Shida ilikuwa wale wateja wa maploti mapya wanaotaka kutuma oda kwa WhatsApp: "Mama, sukuma za 50, nyanya nne, dania, peleka kwa mlango wa tatu." Oda zilikuwa zinakuja kwangu, mimi nampigia simu, yeye anasahau dania. Sasa zinakuja kwake moja kwa moja, mara nyingi kwa sauti kwa sababu kuandika kunamchosha. Simu za 4G za bei hiyo zinaunganishwa hapahapa siku hizi: kiwanda cha Athi River kilizinduliwa Oktoba 2023, na zile za kwanza, Neon Smarta na Neon Ultra, zilitangazwa kwa 7,499 na 8,999. Sasa niambie, ni nani ameomoka: mimi mwenye nembo kwa mfuko, au sisi wawili tukiwa kazini?

Tuje kwa mikopo. Mpango wa kulipa mdogo mdogo si mbaya kwa asili yake. Safaricom na Google walipoanzisha wao mwaka 2020, mtu wa kabambe aliweza kupata simu ya 4G kwa kulipa shilingi 20 kwa siku. Huyo anapanda kutoka sifuri kwenda moja, na ile moja inaweza kumletea kazi. Lakini chukua mfano wa simu kubwa: unaweka 15,000 mwanzo, halafu 200 kila siku kwa siku 365. Hiyo 200 inasikika kama bei ya lunchi. Zidisha: 73,000. Ongeza za mwanzo: 88,000. Kabla ya kusaini, uliza bei ya simu hiyo ukilipa taslimu, uandike namba mbili kando kwa kando. Tofauti ndiyo bei ya kuonekana.

Na simu ya mkopo ina kufuli. Ukikosa kulipa, inafungwa. Kwa mtu ambaye simu ni mapambo, atanuna siku mbili. Kwa mtu ambaye simu ndiyo kazi, kufungiwa kunamaanisha hawezi kupata hata ile 200 ya kuifungua. Hapo ndipo watu huanza kukopa ili walipe mkopo.

Heshima ya mgongo wa simu

Kule Marekani vijana wanachekana kwa rangi ya meseji: buluu ni iPhone, kijani ni wengine. Sisi tuliukopa huo ugomvi na hatuna hata uwanja wa kuuchezea, kwa sababu hapa wote tuko WhatsApp, na WhatsApp haijui umeshika simu gani. Kwa hivyo tukatafuta njia nyingine. Tunapiga picha kwa kioo cha lifti simu ikiwa imefunika uso. Tunanunua kava lenye tundu ili nembo ionekane.

Naelewa chanzo chake. Ukitoka mtaa ambao ukisema unapoishi watu wanashika mikoba, unataka kitu kimoja cha kukutangulia kwenye chumba. Mimi mwenyewe nimeingia mikutano Westlands na Kilimani ambapo mtu aliangalia simu mezani kabla ya kuangalia kazi. Hiyo ipo, na siwezi kukwambia haipo. Lakini hesabu ni wateja wangapi wa aina hiyo umepata mwaka huu, na wangapi ni kina mama wa chapo. Nunua simu ya wale wanaokulipa.

Na tafadhali tusigeuze Android kuwa dini pia. Hakuna kampuni ya simu ambayo ni ya mamako. Apple walikubali Desemba 2017 kwamba walikuwa wanapunguza kasi ya iPhone zenye betri iliyochoka, na wakakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi Marekani mwaka 2020. Google wanaishi kwa matangazo, na bidhaa inayouzwa ni macho yako. Simu nyingi za bei ya chini zinakuja na apu kumi ambazo hukuomba. Kazi ya kwanza ukifungua boksi ni kuzitoa.

Apu zangu na kanuni zangu

Sina orodha ndefu. Nina maswali manne kabla apu haijaingia.

La kwanza: inaomba nini? Apu ya tochi ikiomba namba za marafiki zako, hiyo si tochi. Tumeyaona haya kwa apu za mikopo, zilizokuwa zinachota namba zote kwa simu, ukichelewa kulipa wanampigia mwalimu wako wa Sunday school. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilipiga kampuni ya Mulla Pride, yenye apu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu waliopatikana kupitia wengine. Google nao waliziwekea kikomo apu za mikopo: kuanzia tarehe 31 Mei 2023, haziruhusiwi kugusa namba wala picha zako. Lakini hiyo ni kwa zile zinazopitia Play Store. Faili la APK ulilotumiwa kwa grupu halijapitia kwa mtu yeyote. Mimi siweki apu yoyote ya mkopo, na siweki WhatsApp za rangirangi zinazosambazwa na binamu.

La pili: inakula bando kiasi gani? Instagram na TikTok zote zina sehemu ya kupunguza matumizi ya data kwa mipangilio. Iwashe. Picha na video za WhatsApp zisipakuliwe zenyewe. Kwa grupu ya kanisa peke yake utaokoa bando ya wiki.

La tatu: nikitaka kuondoka, natoka na vitu vyangu? Nahariri kwa CapCut, lakini kila kazi ikiisha naihifadhi kama faili kamili kwa kadi, na ile klipu ghafi pia. Usiku wa tarehe 18 Januari 2025 watu wa Marekani walifungua TikTok wakakuta imezimwa kwa sababu ya sheria yao mpya, na CapCut ikazimwa nayo kwa vile mwenye mali ni mmoja, ByteDance. Zilirudi, lakini fikiria mtu aliyekuwa na kazi ya mteja nusu ndani ya apu. Namba za wateja wangu pia ziko kwa daftari la karatasi. Cheka tu.

La nne: ikizimwa, nina mlango wa pili? Sisi Wakenya tushafunzwa hili. Mwisho wa Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa na wadukuzi, na huduma za serikali zikakwama siku kadhaa. Novemba 2023, na tena Novemba 2024, Telegram ilizuiwa wakati wa mtihani wa KCSE. Tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha, intaneti ilizorota nchi nzima mchana ule ule tulipoihitaji zaidi. Siku hizo ndipo Zello, ile ya kubonyeza na kuongea kama redio za polisi, ilipanda juu kabisa ya orodha za apu zinazopakuliwa Kenya, kwa sababu inavumilia mtandao dhaifu. Tangu hapo nina Signal kando ya WhatsApp, nina namba tatu za muhimu kichwani, na najua kununua tokeni za stima kwa paybill 888880 bila apu yoyote.

Zilizobaki ni za kawaida. Google Maps kwa njia za matatu: wanafunzi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa Marekani walizunguka wakichora njia hizo, ramani ikatoka 2014, na mwaka uliofuata data ikaingia Google. Inakuonyesha njia, ila haitakwambia kwamba mvua imenyesha na nauli ya finje imekuwa soo. Kwa hilo naangalia Ma3Route, iliyoko tangu 2012, ambako watu wanalalamika kwa wakati unaofaa. Teksi naweka apu mbili, nalinganisha bei, nachagua. M-Pesa naweka apu, lakini *334# naijua kwa kidole.

Na kwa wenzangu wa kamera, neno moja. Katika maamuzi yale yale ya Septemba 2023, klabu ya Casa Vera ilipigwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Simu yoyote unayoshika, iPhone au kabambe yenye kamera, uliza kwanza. Mimi narekodi sauti ya mtu akisema "sawa, nirekodi" kabla sijaanza. Inachukua sekunde tatu.

Ukiamua kuhama

Usiuze siku hiyo hiyo. Kaa na simu zote mbili angalau wiki. Stori zako za WhatsApp za iPhone haziwezi kurudishwa Android kutoka iCloud. Zinahamishwa kwa waya, wakati unaanzisha simu mpya, kwa hivyo usiruke hatua hiyo ukidhani utaifanya baadaye. Zima iMessage, la sivyo meseji za marafiki wa iPhone zitaendelea kwenda kwa simu ambayo huna. Toka kwa akaunti yako ya iCloud na uzime Find My, ndipo ufute kila kitu. Mnunuzi mwerevu atakagua hilo kabla ya kutoa pesa. Uza ndani ya duka lenye risiti, mchana, na pesa iingie kwa M-Pesa ukiwa umesimama pale. Hizi hadithi za "nitakutumia nikifika" ziachie wengine.

Ukinunua Android, uliza maswali matatu: itapokea masasisho ya usalama hadi mwaka gani, betri na kioo vinapatikana Luthuli kwa bei gani, na je, ina nafasi ya kadi? Muuzaji akianza kukuambia rangi, mrudishe kwa maswali. Modeli yangu siitaji kwa sababu hakuna aliyenilipa, na ukifika dukani itakuwa imeshabadilishwa jina.

Watasema nimehama kwa sababu ya doo. Ndiyo. Doo ni sababu nzuri sana. Ni sababu ambayo wazazi wetu walitumia kununua kila kitu walichowahi kununua, na hawakuomba msamaha. Kijana wa miaka 22 asiye na cheti, asiye na mshahara, anayelipia keja Kangemi kwa video za sekunde 30, hana haja ya kueleza kwa nini chombo chake cha kazi kiligharimu 27,000 na si 88,000.

Sasa zamu yenu. Niandikie unatumia simu gani, ulilipa ngapi, na imekuingizia ngapi mwaka huu. Wa iPhone karibuni pia. Yule aliyenitumia thao, nitakurudishia mwisho wa mwezi, mteja wa kipande cha pili akilipa.